Safu ya Pili

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Isome mpaka mwisho, kisha umpelekee mtu mmoja ambaye unahisi ana neno lililomkaa kooni.

Kusini mwa Marekani palikuwa na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1868 na watu Weusi waliotoka utumwani. Kiliitwa Chuo Kikuu cha Kaleb Rivers.

Katika ukumbi mkuu wa chuo hicho ulikuwepo ukuta wa mawe meusi. Juu yake yalichongwa majina ya wahitimu waliotoka pale wakawa watu mashuhuri: majaji wawili, daktari wa upasuaji wa moyo, askofu, jenerali wa jeshi, na mwanamke aliyetumia maisha yake yote kutafuta dawa ya ugonjwa wa mipamba. Kila mwaka liliongezwa jina moja tu.

Mwaka 2014 jina lililochaguliwa lilitoka Afrika. Lilikuwa jina la Mhandisi Natanaeli Msofe, wa kijiji cha Vudee, milima ya Upare, Tanzania.

Mhandisi Msofe alisomea maji katika chuo hicho, akarudi kwao mwaka 1966. Siku zile vijito vya milimani vilipita mbele ya macho ya watu na kupotelea nyikani. Yeye alivikamata. Vijiji arobaini na kimoja vilifungua bomba vikaona maji, na wazee wa huko wakazoea kuliita bomba lenyewe "Msofe". Mtoto aliambiwa achukue ndoo aende Msofe, naye alijua aende wapi.

Barua ya chuo ilikuwa fupi. Iliandikwa na Bwana Amos Teague, mtunza kumbukumbu. Ilimpongeza mzee, ikamwalika, kisha ikamwomba jambo moja: aandike jina lake kamili, herufi kwa herufi, kama alivyotaka lichongwe, kwa maana jiwe halifutiki.

Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Siku tisa hakumwambia mtu.

Aliyeigundua ni binti yake wa pekee, Namsifu, mwalimu mkuu wa shule moja mjini Same, ambaye alikuwa amepanda Vudee Jumapili kumjulia hali. Alikifungua kitabu kutafuta wimbo, barua ikamwangukia miguuni.

"Baba," alisema, "wenzako wakialikwa harusi ya jirani wanatangaza soko zima. Wewe umealikwa Marekani, umeificha kwenye nyimbo za mazishi."

"Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Jina."

Namsifu alicheka. Alidhani baba yake anajiuliza kama aweke "Mhandisi" mwanzoni au asiweke. Hakujua kwamba Natanaeli Msofe alikuwa amekufa tangu mwaka 1958, na kwamba mtu aliyemlea yeye, akamfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi na kumsindikiza kanisani siku ya harusi yake, alizaliwa akaitwa Obedi.

Mambo yalikuwa hivi.

Mama Nakijwa, mjane wa Vudee, alikuwa na wana wawili. Mkubwa ni Natanaeli, mdogo ni Obedi, wamepishana miaka miwili na wamefanana kama vikombe vya seti moja. Natanaeli alisoma mbali, shule ya serikali ya bweni, akarudi nyumbani likizo tu. Obedi aliishia darasa la kumi katika shule ya misheni, akawa anafundisha watoto wadogo kijijini.

Mapema mwaka 1958 Natanaeli alipata barua kutoka Chuo Kikuu cha Kaleb Rivers. Amekubaliwa, na masomo yake yamefadhiliwa. Fomu za pasipoti zilikuwa zimejazwa zote. Kilichobaki ni kwenda Moshi kupigwa picha.

Hakufika Moshi. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo njiani, akalazwa katika hospitali ya misheni. Obedi alikwenda kumwuguza. Siku ya tano Natanaeli alimwomba ndugu yake ampe maji, na Obedi aliporudi na kikombe, hakukuwa na mtu wa kunywa.

Mama Nakijwa alifika siku iliyofuata, ametembea kwa miguu. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi, barua ya chuo iko mapajani. Hakulia. Obedi alimsubiri alie, ili naye apate kulia.

"Barua imemtaja Natanaeli," mama alisema hatimaye. "Natanaeli ataenda."

"Mama, Natanaeli yuko mle ndani."

"Mle ndani yuko Obedi. Kesho nitamzika."

Usimhukumu upesi mama huyo. Siku zile za Mwingereza karatasi ndiyo iliyokuwa mtu. Barua ile isingeweza kupewa mwingine, na nyumba ile isingepata barua nyingine. Mama alikuwa amempoteza mwana mmoja. Aliona kwamba akinyamaza tu atabaki na kaburi, na akisema neno moja la uongo atabaki na kaburi pamoja na mwana aliyesoma.

Kwa kuogopa ugonjwa kuambukiza, daktari aliagiza jeneza lipigiliwe misumari. Mama alilipandisha Vudee akazika mbele ya majirani, na msalaba ukaandikwa OBEDI MSOFE. Watu walimwona amezimia mara mbili. Walisema huyu alimpenda sana yule mdogo.

Obedi hakuhudhuria maziko yake. Alikuwa Moshi, amekaa kwenye kiti kirefu, mpiga picha akimwambia anyanyue kidevu.

Safari ilikuwa ya treni hadi Mombasa, kisha meli, kisha meli nyingine. Ile ya kwanza ilikwama Suez, hivyo alifika chuoni akiwa amechelewa siku kumi na moja. Wenzake walikuwa wamekwisha kukaribishwa, wamekwisha kuhutubiwa, wamekwisha kuanza masomo.

Karani alimpeleka peke yake katika chumba kidogo, akamfungulia daftari kubwa lenye jalada la ngozi, akampa kalamu ya wino. Ilikuwa saa ya chakula na karani alikuwa na haraka.

Ukurasa ulikuwa na safu mbili. Juu ya safu ya kwanza paliandikwa: Jina ulilokuja nalo. Juu ya safu ya pili: Jina lako.

Obedi aliandika safu ya kwanza bila tabu: Natanaeli Msofe. Alipofika safu ya pili mkono ulisimama.

Alikuwa amelelewa na fomu. Shuleni kwao, swali likiulizwa mara mbili kwenye karatasi moja, la pili liliwekwa kumnasa aliyedanganya kwenye la kwanza. Aliyejibu tofauti aliitwa mbele akachapwa, wengine walifukuzwa. Alitazama safu ile ya pili akaona mtego umefunguliwa wazi, na karani amesimama pembeni anausubiri ufyatuke. Tone la wino likamdondoka kwenye karatasi.

Aliandika tena: Natanaeli Msofe. Karani akalifunga daftari.

Tangu siku ile alisoma kama mtu anayefukuzwa. Alijiambia kwamba kila mtihani anaufanya kwa ajili ya marehemu, na marehemu hawezi kupewa alama ya chini. Alihitimu wa pili katika darasa lake. Siku ya kuvishwa joho jina lilipoitwa alichelewa kusimama, jirani akamgusa kiwiko.

Alirudi Vudee baada ya miaka minane, amevaa miwani, ana ndevu, anatembea kwa kunyooka. Watu walimtazama wakasema Ulaya inabadilisha mtu, maana kwao huko kote kuliitwa Ulaya. Mama Nakijwa alimpokea mlangoni, akamwita Natanaeli kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Walipobaki wawili mezani Obedi alingoja mama amwite kwa jina lake. Mama alimwongezea mboga, akamwuliza kama kule walikuwa wanakula makande. Alikuwa ameapa mbele ya kaburi, na hakutaka kuzoea kusema neno ambalo siku moja lingemponyoka sokoni.

Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu kuishi bila jina. Ofisini alikuwa Mhandisi. Mke wake, marehemu Ruthi, alimwita Baba Namsifu. Binti alimwita Baba. Kila Pasaka alimchukua Namsifu wakaenda kupalilia kaburi, akimwambia, "Hapa amelala baba yako mdogo Obedi." Mtoto alipanga maua ya mwituni. Baba alisimama nyuma yake, akitazama jina lake.

Katika yote hayo, siku moja ilimwuma kuliko nyingine.

Mwaka 1987 Mama Nakijwa alikuwa anakata roho. Chumba kilijaa majirani, mchungaji ameketi kichwani, wanawake wanaimba taratibu. Mama alikuwa hajasema tangu asubuhi. Alifumbua macho akamtafuta mwanawe, akampata, akasema kwa sauti iliyo wazi kabisa:

"Obedi."

Wanawake walinyamaza. Kila mtu alimgeukia. Na yeye, ambaye aliingoja sauti ile kwa miaka ishirini na tisa, aliwaona majirani, akamwona mchungaji, akafikiria vyeti, kazi, vijiji vinavyosubiri maji, akasema:

"Obedi alikufa, Mama."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akageuza uso ukutani. Hakusema neno jingine, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameaga dunia.

Hayo ndiyo Mhandisi aliyokuwa akiyafikiri siku tisa, barua iko ndani ya kitabu cha nyimbo. Kwenye karatasi alikwisha kudanganya. Mchana na asubuhi alidanganya kwa kunyamaza. Jiwe lilikuwa jambo jingine. Aliona kwamba akikubali kulichonga, atakuwa amemzika Obedi mara ya tatu, safari hii kwa mkono wake. Akikataa, itabidi aseme sababu. Naye hakuwa na hakika kama chuo hakitamvua shahada mbele ya dunia nzima, na mabomba yale yote yakaonekana kuwa kazi ya tapeli.

Mwishowe alimwambia Namsifu kwamba watakwenda pamoja, na kwamba jina hataliandika kwa barua. Atalisema mwenyewe kwa mdomo.

Walifika siku mbili kabla ya sherehe. Bwana Amos Teague aliwapokea katika chumba cha kumbukumbu. Alikuwa mzee mwembamba mweusi wa miaka themanini, mwenye mkongojo na maneno mengi. Alimshika Mhandisi mkono akamwambia aliijua hati yake kabla ya kumwona.

"Ninyi mliosomeshwa na Waingereza mnaandika kama watu wanaoogopa kuchapwa."

"Tulichapwa kweli," Mhandisi alisema.

Bwana Teague alicheka. Mhandisi hakucheka. Aliomba mlango ufungwe. Kisha, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, alisimulia yote tangu kikombe cha maji hospitalini. Hakujitetea. Alisema amekuja kurudisha shahada kwa hiari yake, na kwamba anaomba jambo moja tu, wasimwaibishe binti yake kesho kutwa ukumbini.

Namsifu alikuwa ameketi kando ya dirisha. Aliposikia habari ya kaburi alikumbuka maua yake yote ya Pasaka. Kilichomjia kichwani kilikuwa kitu kidogo: kumbe yule si baba mdogo, ni baba mkubwa.

Bwana Teague hakuonyesha mshangao. Alikwenda kabatini, akarudi na daftari la ngozi lililo kuukuu kuliko lile la mwaka 1958, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa.

"Soma mstari wa kwanza," alisema.

Mhandisi alivaa miwani. Safu ya kwanza iliandikwa Kaleb Rivers. Safu ya pili ilikuwa na neno moja tu: Isom.

"Huyo ndiye mwanzilishi wetu," Bwana Teague alisema. "Kaleb Rivers hakuwahi kukanyaga hapa."

Akawasimulia. Kaleb Rivers alikuwa seremala, mtu Mweusi aliye huru, mwenye karatasi za kuthibitisha uhuru wake. Mwaka 1851 alikufa kwa homa ndani ya kibanda cha rafiki yake, mtumwa aliyeitwa Isom. Isom alizichukua karatasi zile, akalichukua na jina, akatoroka kwenda kaskazini. Kila aliyemsimamisha barabarani alisoma Kaleb Rivers akampisha. Alilivaa jina lile miaka kumi na saba. Vita vya kukomesha utumwa vilipokwisha alirudi, akajenga chuo, na kabla ya kumwandikisha mwanafunzi wa kwanza akajiandikisha yeye.

"Walimwuliza mbona chuo hakukipa jina lake," Bwana Teague alisema. "Akajibu kwamba yule alimpa jina akapona, basi nyumba ni yake."

Alifunua kurasa, akaonyesha kwa kidole. Safu za pili nyingi zilikuwa zimerudia ya kwanza, lakini si zote. Hapa kijana aliyekuja na jina la binamu. Hapa msichana aliyelikataa jina la bwana aliyemmiliki bibi yake. Hapa jaji wa kwanza, yule aliye juu kabisa ukutani, aliyekuja na cheti cha kaka yake marehemu.

"Kila mwaka, siku ya kwanza, wanafunzi wapya husimuliwa habari ya Isom, kisha hupewa kalamu. Hakuna anayeulizwa swali. Siku ile, Bwana Msofe, neno lako peke yako lingetosha."

Mhandisi alitafuta kiti akaketi.

"Nilichelewa siku kumi na moja," alisema. "Meli ilikwama."

"Najua. Nimeona tarehe."

"Nilidhani ni mtego."

Bwana Teague alileta daftari la mwaka 1958. Tone la wino lilikuwa bado lipo kwenye safu ya pili, limegeuka rangi ya kutu. Alisema amelipita tone lile kwa miaka mingi, na kila mara alijiuliza kijana yule alisita kwa nini.

Mhandisi alianza kuhesabu. Miaka hamsini na sita. Angeweza kuandika barua mwaka wowote kati ya hiyo. Angeweza kumwuliza mwanafunzi mwenzake yeyote, wakati wa chakula, safu ile maana yake nini. Mama yake angeweza kumwita kwa jina lake siku aliyorudi, na siku zote elfu saba na kitu alizoishi baadaye... hapo aliacha kuhesabu.

"Nifanye nini sasa?" aliuliza.

Bwana Teague alieleza kwamba ukutani jambo ni jepesi, huchongwa jina lolote atakalolitaja. Safu ya pili ndiyo yenye masharti. Zamani walikuja matapeli kudai vyeti vya watu, kwa hiyo Isom aliweka kanuni moja, nayo haijabadilishwa: anayerudi baadaye kuisahihisha safu ya pili alete shahidi mmoja. Shahidi awe amemwita kwa jina hilo baada ya siku aliyotia sahihi, na mwenye jina awe ameitika.

"Isom alisema jina si lile ulilopewa wala lile lililoandikwa," Bwana Teague alisema. "Ni lile unaloitika. Je, yupo mtu aliyekuita Obedi tangu mwaka 1958?"

"Yupo mmoja. Mama yangu."

"Ukaitika?"

Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaifuta tena.

"Hapana," alisema. "Nilimwambia Obedi amekufa."

Bwana Teague alimgeukia Namsifu. Hakumwambia afanye nini. Alimtazama tu, kama mtu anayeacha mlango wazi. Namsifu alielewa. Alifungua kinywa. Lakini alikuwa binti wa Kipare aliyelelewa akalelewa vizuri, mwenye miaka arobaini na mitano, na tangu azaliwe ulimi wake haujawahi kumtaja mzazi wake kwa jina. Hata kwenye fomu za shule alimpa karani aandike.

"Huyu ni baba yangu," alisema polepole. "Simwiti jina."

"Mwache," mzee alisema. "Ni sawa, mwanangu."

Bwana Teague alilifunga daftari taratibu, bila kulipiga.

Kuhusu ukuta, Mhandisi alisema wachonge Natanaeli Msofe. Ndugu yake alimpa jina, basi jiwe ni lake. Sherehe ilifanyika, watu walisimama, kwaya iliimba. Mzee alipanda jukwaani akasema maneno machache kuhusu kaka yake na kikombe cha maji. Waliomsikiliza walidhani ni mfano tu.

Ndani ya ndege Namsifu aliuliza swali moja.

"Na Msofe? Hilo nalo?"

"Hilo ni letu."



Mzee alikusudia kuwaambia watu wa Vudee. Alisema ataanza na mchungaji, baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Akasema baada ya Krismasi. Alikuwa amezoea kuahirisha jambo lile kwa muda mrefu mno, hata sasa, wakati hakuna tena wa kumvua kitu, mdomo haukumfunguka. Na Namsifu kila alipopanda kumwona alijiambia njiani kwamba leo nitamwita, akifika akasema, "Shikamoo, Baba."

Mwezi wa tatu mzee aliugua kifua. Namsifu aliomba ruhusa kazini akaja kumwuguza. Jumapili moja baada ya ibada majirani walijaa chumbani, kama ilivyo ada. Mchungaji aliketi kichwani. Alikuwepo Mzee Kiondo, rika lake, aliyechimba mitaro ya mabomba pamoja naye. Kiondo alimtania kwamba aache uvivu, kuna koki inavuja kule kwake tangu Ijumaa. Mgonjwa hakutabasamu. Alikuwa hajasema tangu alfajiri, macho yameelekea ukutani.

Namsifu alipiga magoti kando ya kitanda. Alihisi uso wake unawaka kwa haya.

"Obedi," alisema.

Mzee Kiondo aliinama akamshika bega.

"Umechoka, binti. Obedi alikufa zamani. Mimi mwenyewe nilishika sepetu."

"Obedi," Namsifu alisema tena, kwa sauti zaidi, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Obedi Msofe."

Kichwa kilisogea juu ya mto. Macho yalitoka ukutani, yakapita kwa mchungaji, yakapita kwa majirani mmoja mmoja, bila kuharakisha. Yakamfikia yeye.

"Naam, Mama," mzee alisema. "Nipo."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki siku ya pili yake, mchana.

Baada ya arobaini Namsifu alimwandikia Bwana Teague barua ya mistari minne. Jibu lilikuja na picha ya ukurasa. Kwenye safu ya pili jina la zamani limepigwa mstari mmoja mwembamba. Kando ya tone la wino limeandikwa Obedi Msofe, na chini yake, kwa herufi ndogo: Shahidi, Namsifu, mwanawe. Aliitwa, akaitika.

Vudee sasa kuna misalaba miwili ubavu kwa ubavu, na kila mmoja una jina la mtu aliyelala chini yake. Mzee Kiondo ndiye aliyeisimamisha. Alipomaliza aliketi chini kwenye udongo, akasema miaka yote ile walipochimba mitaro pamoja, jua kali, wawili peke yao, angeweza kumwambia. Yeye asingemwambia mtu.

Funzo: Jambo unaloficha kwa kuogopa watu, liseme wakati wanaokujua bado wako hai, maana wengi unaowaogopa walikuwa tayari kukuelewa, na anayekuita leo kwa jina lako huenda asikuite tena.